Ubao Uliogawanywa Katikati

Kila Jumapili kabla ya ibada, binti humpigia baba yake joho pasi, naye baba hunywa chai ya rangi pale pale jikoni. Hawasemeshani sana. Enzi za uhai wake, mama ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba yao wote. Leo binti alikuwa amemaliza mkono mmoja tu wa joho, baba yake, mchungaji, akainuka akachomoa waya wa pasi ukutani.

"Liache hivyo hivyo, mama. Sijui hata kama nitalivaa."

Binti akabaki ameshika pasi. Alijua. Juzi mgombea ubunge alisimama uwanjani na vipaza sauti vyake, akatangaza kwamba mwalimu wa baiolojia, tena binti wa mchungaji, anawafundisha watoto kuwa bibi zao walikuwa na mikia. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Jana wazee wa kanisa wakaja na neno moja: mchungaji amkane mwanawe mbele ya waumini, la sivyo akae pembeni.

"Kwani ulisema nini hasa?" Baba alijitupa kitini. "La mgombea nimelisikia, la wazee nimelisikia. La kwako bado."

"Nilifundisha kama siku zote." Sauti yake ilikuwa ndogo, utadhani anaongea na pasi. "Nagawa ubao katikati. Kushoto naandika kilichoonekana: mifupa ya bawa la popo, ya pezi la nyangumi, ya mkono wa mtu, jinsi inavyofanana mpangilio. Kulia naandika wanasayansi wanavyoieleza, na wasiyoyajua bado. Sikumdhihaki mtu, baba. Wala Mungu sikumgusa."

"Na mikia?"

"Hiyo chumvi kaitia mgombea."

Baba akacheka puani, kicheko kilichochoka. "Yule hata uji ataukoroga kwa kipaza sauti. Sasa, moto umetokea wapi?"

"Mwanafunzi mmoja aliniuliza, 'Mwalimu, wewe mwenyewe unaamini nini?' Nikaona haya. Nikamwambia, 'Nakilini haraka, kengele inakaribia.' Basi kila mmoja akaenda kwao na jibu alilolitunga mwenyewe."

Chai ilikuwa imepoa. Mchungaji akaisogeza kando, akajipangusa uso kwa viganja.

"Kukukana siwezi. Kukutetea kwa nisilolijua, nalo siwezi. Nimechoka, mwanangu. Nakuuliza kama alivyokuuliza yule mtoto."

Maneno yaliyomjia kwanza yalikuwa yale yale anayojifichia darasani, *wanasayansi wanasema*. Yalifika mdomoni. Akayarudisha, akaiweka pasi chini.

"Naamini tumetokana na viumbe waliotutangulia, baba. Ushahidi ni mwingi, siwezi kuukataa. Na jioni tukipiga magoti hapa, siigizi. Ulivae joho au usilivae, kesho nitamjibu yule mtoto hivi hivi."