Wa Tano Hakupunga Mkono

Safari ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya upepo, na Mumbua aliomba moyoni iahirishwe tena, mpaka wakubwa wa kampuni ya roketi wachoke waiache kabisa. Hakumwambia mtu. Kila aliyekutana naye wodini wiki ile alimpongeza. Peninah, dada yake mkubwa, daktari wa mapafu aliyekwenda Marekani kusoma akabaki huko, alikuwa anarushwa kwenda anga za juu na wenzake watatu. Wangeizunguka dunia siku chache, huku Peninah akipima jinsi kifua cha mtu kinavyovuta pumzi mahali pasipo na uzito. Kule Machakos kanisa zima lilikuwa limefunga kwa maombi. Mumbua, muuguzi katika hospitali moja ya Doha, alikuwa amefunga bila kutaka, kwa maana chakula hakikushuka.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, na kule Florida, roketi ilikokuwa ikingoja, ndiyo kwanza asubuhi. Vumbi lilikuwa limeufunika mtaa wa Al Mansoura tangu alfajiri, jumba la ng'ambo ya barabara likaonekana kama kivuli tu, na mwanga ulioingia dirishani ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Mumbua alikuwa ameunganisha kompyuta yake na televisheni. Hadijah, Mganda aliyekuwa akifanya kazi hotelini na ambaye walipanga naye nyumba hiyo, alikuwa jikoni akikaanga sambusa.

"Wakitoka uniite!" Hadijah alisema kwa sauti.

Walitoka wakati huohuo. Mlango wa jengo moja refu ulifunguka, wanaanga wakaja wakitembea kuelekea kwenye magari, wamevaa suti nyeupe, vioo vya kofia zao vimeinuliwa ili watu wawaone nyuso. Peninah alikuwa wa pili. Alikuwa akipunga mkono kwa nguvu, kama alivyokuwa akipunga akiwa dirishani mwa basi la shule, na Mumbua akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

Kisha akamwona wa mwisho. Alikuwa nyuma ya wengine, mfupi kidogo, suti yake nyeupe vilevile, lakini kioo cha kofia yake kilikuwa kimefungwa. Mikono yake ilining'inia tu. Hakupunga. Alitembea bila haraka, na watu waliosimama nyuma ya kamba hawakumtazama hata mmoja.

Mumbua akahesabu. Watano.

"Na hao ndio wanaanga wetu wanne," alisema mtangazaji.

Akarudisha picha nyuma. Mlango ukafunguka, wakatoka wanne. Akarudisha tena. Wanne, na nyuma yao sakafu tupu yenye mwanga. Akajiambia ni uchovu, kwamba wiki nzima hakuwa amelala vizuri, na kwamba mtu akikaa na njaa macho yake humdanganya. Hadijah alipokuja na sahani, Mumbua hakumweleza.

Muda si mrefu mlango ukabishwa. Alikuwa Cyrus, fundi wa kompyuta kutoka Kenya aliyekuwa akiishi mtaa wa Al Thumama, mshirika mwenzake Mumbua wa ibada za Ijumaa kanisani. Alikuwa amefunika pua kwa kitambaa, simu mkononi.

"Pole, sista, nimechelewa. Hii vumbi imefunga barabara yote. Lakini nimewaona wakitoka, nilikuwa nacheki kwa simu nikiwa kwa taxi." Akavua viatu, akaketi, akachukua sambusa. "Peni amependeza, aki. Lakini niambie, yule wa nyuma ni nani? Ni wa akiba ama?"

Mumbua akamgeukia. "Wa nyuma yupi?"

"Yule hapungi watu. Amefunga kofia."

"Umeona wangapi, Cyrus?"

"Si watano?" Akawatazama wote wawili. "Kwani ni wangapi?"

Hadijah akaiweka sahani chini polepole. Cyrus akafungua simu yake, akairudisha ile picha, akaitazama kwa muda mrefu. Walikuwa wanne. Ile sambusa aliyokuwa ameiuma mara moja akairudisha sahanini.

Kampuni ilikuwa imewapa jamaa za wanaanga mtu wa kuwasiliana naye, Mmarekani aitwaye Bradley, aliyeangalia pia hali za wanaanga wenyewe, mpole, ambaye kila siku alimtumia Mumbua ujumbe wa kumtoa wasiwasi. Mumbua akaingia chumba cha kulala, akafunga mlango, akampigia. Hakujua atasema nini. Je, amwambie mtu wa watu kwamba ameona kivuli kwenye televisheni? Lakini dada yake alikuwa anafungiwa ndani ya kitu kilichojaa mafuta ya kulipuka, na yeye hakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Bradley, samahani. Ndani ya chombo wameingia wangapi?"

"Wanne, Mumbua. Mlango umefungwa sasa hivi. Kila kitu kiko sawa."

"Una hakika hakuna mtu mwingine?"

Kwa mbali alisikia sauti za watu wakiongea upesiupesi.

"Nani amekwambia uulize hivyo?" Bradley alisema, na sauti yake haikuwa tena ile ya kila siku.

"Hakuna aliyeniambia. Nimeona kwenye picha. Nimeona watano."

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Aliporudi sebuleni alimkuta Hadijah amesimama katikati ya chumba, mkono kifuani. Saa ya kuhesabu kurudi nyuma ilikuwa imesimama. Mtangazaji alikuwa akieleza kwa sauti ya kutuliza kwamba kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wanataka kukiangalia. Kipimo hicho hupima hewa wanayoitoa wanaanga wakipumua, na namba zake zilikuwa juu kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wanne. Bila shaka, alisema, kifaa chenyewe kina hitilafu.

"Banange, jamani," Hadijah akanong'ona.

Picha ikahamia ndani ya chombo. Palikuwa padogo kama ndani ya gari, viti vinne, watu wanne wamelala chali wamefungwa mikanda. Peninah alikuwa kiti cha mwisho, kando ya ukuta. Wenzake walikuwa wakitazama juu, kwenye vioo vya mitambo. Yeye alikuwa amegeuza kichwa upande wa ukuta, ambako hapakuwa na kiti wala mtu. Alikaa hivyo kitambo, kama mtu anayemsikiliza mwenzake anayesema kwa sauti ya chini. Kisha akatikisa kichwa: hapana. Akasikiliza tena. Akatikisa tena.

"Anaongea na nani?" Cyrus aliuliza.

Mafundi walipanda mnara, wakafungua mlango ili wabadilishe kile kipimo. Ndipo mmoja wao alipopitisha kidole kwenye mpira unaozuia hewa isitoke, akakuta umechanika chini ya ukingo, mahali ambapo macho hayafiki. Ulikuwa umekaguliwa asubuhi ile ukapita. Mtangazaji alisema ufa huo ungeweza kuvumilika pale chini, na akaishia hapo. Hakueleza huko juu ungefanya nini. Peninah na wenzake wakateremshwa mmoja mmoja, na safari ikaahirishwa kwa mara ya tatu.

Kile kipimo, kilipopelekwa kuchunguzwa, kilikutwa kizima.

Peninah alipiga simu jioni, kutoka kwenye nyumba walimotengwa ili wasiambukizwe mafua. Kwanza walilia wote wawili, na Mumbua akakiri kwamba chakula hakimshuki. Kisha Mumbua akauliza.

"Dada, mle ndani ulikuwa unaongea na nani?"

"Umeona?"

"Dunia nzima imeona."

Peninah alishusha pumzi. "Kuna mtu aliniuliza kama nasikia baridi. Nikatikisa kichwa. Akaniuliza tena. Sauti ilikuwa karibu, Mumbua, ndani ya kofia, si ile ya redio. Sikuona ajabu yoyote. Nilipotolewa nje ndipo nikagundua kwamba aliniuliza kwa Kikamba chetu."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Sijui. Nimejaribu kukumbuka, sijui. Hata nilipokuwa nikiingia, nilisogea kando mtu apite. Nilijua kabisa nyuma yangu yuko mtu." Akaongeza haraka: "Usimwambie yeyote. Usimwambie Mama. Wakisikia nasikia sauti wataniondoa, na sitapata nafasi nyingine maishani."

"Labda uondolewe."

"Mumbua, nisikilize."

"Wewe ndiye unisikilize mimi, dada. Mpira ulichanika. Hicho ndicho kilichoonekana. Na ambavyo havijaonekana?"

"Ndiyo maana sasa wanakagua kila msumari. Hakuna chombo kitakachokuwa salama kuliko hiki. Nakuomba, mdogo wangu."

Mumbua hakumwahidi kitu. Kesho yake Bradley akapiga, kama alivyosema. Alizungukazunguka, akauliza habari za kazi, za hali ya hewa ya Doha, mwisho akasema: "Dada yako amekwambia jambo lolote kuhusu jana?"

Swali hilo Mumbua alikuwa amelisubiri. Neno moja tu lingemtoa Peninah kwenye orodha ya safari, lingemweka hai, na lingewafanya wasizungumze tena mpaka mmoja wao azikwe. Alikaa juu ya kitanda akiitazama sare yake ya kazi iliyoning'inia mlangoni.

"Muulize mwenyewe," akasema.

"Nimemuuliza. Niliwaita wote, mmojammoja, nikawauliza kama wamelala vizuri. Hilo tu." Bradley akaishusha sauti. "Wote wanne wamenijibu jibu lilelile. Wameniambia hawakusikia chochote. Mimi sikuwa nimewauliza kama wamesikia."

Mumbua akaiondoa sare mlangoni, akaiweka magotini.

"Sasa utafanya nini?" Mumbua aliuliza.

"Sijui niandike nini kwenye ripoti. Niandike kwamba wanaanga wangu wanne wamelala vizuri?" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mpira umebadilishwa. Kila kitu kinarudiwa tangu mwanzo. Nadhani nitanyamaza. Na wewe?"

"Na mimi," Mumbua alisema, na tangu hapo alijua kwamba likitokea la kutokea, sehemu ya lawama itakuwa yake.

Siku ya kurushwa tena alibadilishana zamu na mwenzake. Vumbi lilikuwa limetua, anga la Doha jeupe kwa joto. Cyrus alikuja mapema safari hii, na Hadijah hakuingia jikoni. Walikaa watatu kwenye kochi moja wamebanana, ingawa viti vilikuwepo. Mlango wa lile jengo ulipofunguka, Cyrus alihesabu kwa sauti, akielekeza kidole.

"Moja. Mbili, Peni huyo. Tatu. Nne." Akangoja. Mlango ukafungwa. "Wako wanne tu."

"Alhamdulillahi," Hadijah alisema.

Mumbua naye alidhani atafurahi. Badala yake akairudisha picha nyuma, akahesabu mwenyewe. Mara ile, yeyote aliyekuwa amefuatana nao alikuwa amekijaza chombo pumzi zake mpaka mlango ukafunguliwa. Leo hakuja. Labda hakuja kwa kuwa hapakuwa na haja. Au hakuja kwa kuwa alikuwa ameshasema, na hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Vipimo vyote vilikuwa sawa. Saa haikusimama. Moto ulitoka chini ya roketi bila sauti, kisha sauti ikafuata, ikaifanya televisheni itetemeke mezani. Roketi ilipanda taratibu mno, Mumbua akaona itaanguka. Kisha ikashika kasi, ikawa nukta. Kucha za Hadijah zilikuwa zimezama kwenye mkono wake na hakuna aliyejua. Mtangazaji alikuwa akisoma namba. Ikaja nafasi ambayo hakusema kitu, pengine ni pumzi mbili au tatu tu, na katika nafasi hiyo Mumbua aliyaona mazishi ya dada yake yote, hata nguo aliyovaa Mama.

"Tupo salama," ilisema sauti ya Peninah kwa Kiingereza, imejaa mikwaruzo. Halafu kwa Kiswahili, haraka, kabla hawajamkatiza: "Mumbua, kula sasa."

Cyrus aliinuka akaanza kuruka kama mtoto, majirani wa chini wakagonga dari.

Peninah alizunguka dunia siku zake zote, akatua baharini salama, na baada ya wiki kadhaa za kupimwa akapitia Doha akienda Machakos. Alikuwa amekonda, na alitembea akishika kuta. Mumbua alimpa kitanda chake. Usiku wa kwanza walikula wali na samaki, wakacheka, na hapakuwa na mtu aliyetaja ile Ijumaa mpaka sahani zilipoondolewa.

"Huko juu nilimsubiri aseme," Peninah alisema. "Kila nilipokwenda kulala. Hakuja."

"Na wenzako?"

"Hatukuulizana. Lakini hakuna aliyependa taa izimwe." Akanyoosha miguu yake. "Wameniomba niende tena mwakani. Nimekubali."

Mumbua alisimama akaenda kuosha vyombo. Aliviosha kwa hasira, akakivunja kikombe kimoja, akaviokota vipande. Peninah alimfuata, akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani.

"Hutaniambia nisiende?"

"Utanisikia?"

"Hapana."

"Basi futa na hiyo sufuria."

Asubuhi ya tatu Cyrus aliwapeleka uwanja wa ndege. Mumbua alimkumbatia dada yake mlangoni, akamfunga skafu vizuri shingoni ingawa joto lilikuwa kali, akamwambia amsalimie Mama. Kisha akageuka, akaomba apelekwe moja kwa moja kazini, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza na kulikuwa na mgonjwa wa upasuaji aliyekuwa akimsubiri.