Injinia Mmoja kwa Walinzi Wanne

Tokeni za stima zilikuwa zimekwisha tangu jana, kwa hivyo Akidor alifanyia mazoezi mlangoni, mahali mwanga ulipofika kwanza. Alikaa juu ya jerikeni tupu, kipande cha kebo ya faiba ya intaneti mapajani na wembe mkononi. Kebo yenyewe aliiokota kando ya barabara, wachimba mitaro walikoitupa. Hapo Kiwanjani, mtaani kwao, watu hufungia ua na mabanda ya mbuzi kwa kebo kama hizo, na hakuna anayeuliza ndani yake mna nini. Akidor alichuna ganda, akafuta nyuzi kwa kitambaa chenye spiriti, akazipanga kwa rangi, kisha akafumba macho na kuzitaja kwa mpango wake: buluu, chungwa, kijani, kahawia.

Saa nane mchana angepimwa. Kampuni ya Upeo, iliyokuwa ikijenga mabusta mapya, yaani minara ya simu, kutoka Isiolo kwenda Merti, ilitaka injinia mmoja wa kukaa hapa hapa kaunti. Waombaji watano walikuwa wameitwa kwenye busta ya Burat. Kwanza ni mtihani wa kuandika, halafu kuunga faiba, halafu kupanda mnara hadi juu kabisa. Akidor alikuwa na digrii ya uhandisi wa mawasiliano, na tangu aipate ilikuwa imemfanyia kazi moja tu, kusajili laini za simu chini ya mwavuli karibu na soko. Wateja walimwita injinia kwa utani, naye alikuwa amezoea kucheka nao, ingawa kila jioni akikunja ule mwavuli alijisikia mnyonge.

Mama yake, Nakolong, alimletea chai ya rangi. Maziwa yalikuwa yamepanda bei tena na siku hizi yaliachiwa wenye wageni. Akidor aliuliza baba yuko wapi. Mama akasema ametoka mapema, ameenda kuona kazi fulani, kisha akaanza kufagia mahali alipokuwa amekwisha kufagia. Hilo lilimshangaza Akidor kidogo. Baba yake, Mzee Lokuruka, alikuwa mvunja mawe mpaka machimbo yalipofungwa, na tangu wakati huo hakuwa na sababu ya kuwahi popote. Lakini kichwa cha binti kilikuwa kimejaa mawimbi na nyuzi, wala hakulifuatilia.

Kampuni ilikuwa imeagiza kila mwombaji aje na buti, helmeti na mikanda yake ya kupandia mnara. Ukitaka kujua nani ameshaamuliwa kupata kazi, angalia masharti. Mtu asiye na kazi ya minara atatoa wapi mikanda ya minara? Akidor alikwenda mjini kwa Bonaya, fundi wa kuchomelea vyuma waliyesoma naye sekondari, ambaye zamani aliwahi kuwa kibarua wa kufunga antena. Bonaya alimtolea mikanda iliyokuwa inaning'inia nyuma ya karakana, akaivuta kila mshono mbele ya macho yake ili aamini, akamwazima na buti pia. Buti zilikuwa kubwa. Wakajaza magazeti mbele, akatembea huku na huku kwenye vumbi la karakana mpaka zikakubali.

"Ukifika juu usiangalie chini," Bonaya alimwambia. "Angalia ule mlima wa Ol Donyo Degishi. Mimi nilikuwa naangalia huko mpaka miguu inasahau iko wapi."

Cheti cha afya, ambacho pia kilitakiwa, alikuwa amekipata juzi, baada ya kukaa benchi la zahanati kuanzia asubuhi. Karani alikuwa akimwambia kila mara kwamba daktari yuko semina, mpaka mzee mmoja kwenye foleni alipomnong'oneza kwamba semina hiyo huisha ukimnunulia karani soda. Alinunua soda, na daktari akatokea mlango wa pili. Kwa hiyo kila kitu sasa kilikuwa tayari. Akarudi nyumbani na mikanda begani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijiruhusu kufurahi. Alijiona kabisa akiwa na gari la kampuni lenye ngazi juu, akisimama kijijini Rapsu, akiwapandishia watu wa huko mtandao.

Alipofika alimkuta Mzee Lomuria ameketi kwenye kiti cha baba, anakunywa chai. Chai yenyewe ilikuwa na maziwa. Lomuria ndiye aliyekuwa mdomo wa Waturkana wa mtaa ule kwenye kila kikao, na alikuwa binamu ya baba yake. Majuma mawili yaliyopita Akidor mwenyewe alimpelekea tumbaku, jinsi mtoto wa Kiturkana anavyompelekea mzee anapokuwa na safari au jambo zito mbele yake, ili ambariki. Lomuria alimtemea mate kiganjani, akamwombea njia ifunguke. Baada ya hapo aliuliza habari za kazi yenyewe, ni kazi gani, inataka watu wangapi, na kama kweli anaweza kuipata. Akidor, kwa furaha ya baraka, alijibu kwamba chuoni alikuwa wa kwanza katika darasa lake na kwamba akipimwa kwa haki hakuna wa kumshinda. Aliyasema hayo akidhani ni ya maombi.

Walisalimiana. Lomuria aliweka kikombe chini.

"Akidor, hiyo kazi imeenda."

"Imeenda wapi, apa?" aliuliza, akimwita baba kwa Kiturkana. " Mtihani ni leo."

"Mtihani ni ya kuandika kwa ripoti. Kazi iligawanywa Jumamosi."

Akamweleza polepole, bila aibu, kwa sababu hakuona la kuonea aibu. Kampuni inataka mashamba ya kusimamisha mabusta, tena inataka kebo zake zisikatwe. Kwa hiyo iliwaita wazee wa kila jamii hotelini, wakala nyama, wakagawana. Tangu serikali ya kaunti ije, hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda hapa. Hawa watapewa ofisi, wale gari, wengine zabuni ya kuleta maji, na tangazo la kazi hubandikwa ukutani baada ya mifupa kutolewa mezani. Mgawanyo huo wanauita amani, na ole wake anayetaka kuuliza, maana ataitwa adui wa amani. Nafasi ya injinia ilikwenda kwa jamii nyingine.

"Na sisi?" aliuliza Akidor. Alijishangaa kusema sisi.

"Mimi niliingia pale mkono mtupu," Lomuria alisema. "Hao wengine wako na madiwani, wako na mashamba ya kupeana. Nikawaambia, sisi tuko na msichana wa injinia, na huyo msichana akifanya mtihani wenyu hamna mtu wa kumweza. Wakaangaliana. Wakasema, mkimkalisha chini, tutawapea askari wanne wa kulinda busta. Wanne, Akidor. Hiyo ni nyumba nne zinakula. Kama hungekuwa na hiyo digrii, hatungepata hata mmoja."

Alisema hivyo kumsifu. Hapo ndipo palipomuuma zaidi, kwamba mzee alikuwa anampongeza kwa moyo mweupe. Miaka yote ya kusoma kwa kibatari, mbuzi wote waliouzwa mmoja mmoja mpaka zizi likawa tupu, vyote vilikuwa vimefika mezani hotelini na kupata bei. Naye ndiye aliyevipeleka, pamoja na tumbaku.

"Hao wanne ni nani?"

Lomuria alimtazama Nakolong, na Nakolong akatazama mikono yake.

"Mmoja ni babako. Ameanza leo."

Akidor alimgeukia mama. Mama alisema alijua tangu jana. "Ulikuwa unasoma," akasema. "Sikutaka kukukatiza."

Angeweza kulia, na machozi yalikuwa karibu. Lakini alikaa juu ya lile jerikeni akaanza kufunga kamba za buti. Lomuria akaacha chai yake. Akamwambia akienda atawaharibia watu wanne, akiwemo baba yake mzazi, kwa sababu neno lilikwisha kutolewa na mikono kupeanwa. Akidor alisema hataki kuharibia mtu. Anataka kupimwa tu.

"Waniambie nimeanguka baada ya kupanda, apa. Si kabla. Nikianguka nitarudi kwa mwavuli, na hamtanisikia tena."

Mzee alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Mama hakusema nenda wala usiende. Alimfunga vizuri ukosi wa ovaroli, kama alivyokuwa akimfunga sweta ya shule.

Bodaboda ilimpeleka Burat kupita karibu na kambi ya jeshi, vumbi likimwingia mdomoni, helmeti ikimgonga goti. Njiani alikuwa akizitaja rangi tena, hata baada ya kugundua kwamba hakuna maana ya kuzitaja. Moyo wake ulikuwa na tumaini dogo la kijinga, lile linalobaki kwa mtu aliyekwisha kuambiwa hapana. Pengine wapimaji ni watu wa Nairobi wasiojua habari za wazee. Pengine wakimwona juu ya mnara watasahau. Baba atakuwa amepelekwa mbali, Merti au Kinna huko, na kama si yeye atakayekuwa getini binti yake akipita, nani atamlaumu?

Busta ilisimama peke yake katikati ya migunga, imezungushiwa wavu na seng'enge. Nje ya wavu gari aina ya Proboksi lilikuwa inashusha kijana mwenye mikanda mipya kabisa, bado ina harufu ya duka. Alimsalimia Akidor vizuri, akamuuliza kama amesoma sana sehemu ya mawimbi ya maikrowevu, maana yeye hiyo inampa taabu. Akidor akamweleza kwa kifupi, na kijana akashukuru. Alionekana hajui lolote kuhusu Jumamosi. Akidor alijaribu kumchukia akashindwa. Kijana akaenda getini, akataja jina, akaingia.

Mlinzi aliyemfungulia alivaa sweta nzito ya kijani kwenye jua lile, na suruali iliyoishia juu ya vifundo vya miguu. Alikuwa Mzee Lokuruka.

Akidor alisimama. Kisha akaenda, kwa sababu kurudi kungekuwa kutembea mbali zaidi. Baba yake alimwona tangu mbali na hakufanya kitu. Alishika rungu la kampuni kwa mikono yote miwili mbele ya tumbo. Ndani, chini ya mnara, watu walikuwa wamekaa kwenye meza chini ya turubai, na msimamizi mwenye jaketi la rangi ya kung'aa alikuwa amegeuza kiti chake kuelekea geti. Aliwatazama.

"Apa," alisema Akidor.

"Umekunywa maji?" baba aliuliza. "Jua ni kali."

"Umeambiwa nini?"

Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi hata siku zake nzuri.

"Nimeambiwa wanne waingie. Wa tano ni msichana wetu, huyo asiingie. Nikamwambia yule msimamizi sawa. Nilifikiri hutakuja." Akatazama nyuma, kwa msimamizi, kisha akashusha sauti. "Mama, mimi siwezi kukukataza. Ukitaka kupita, pita. Nitasema umenishinda nguvu."

Akidor alimwamini. Alijua kwamba akisukuma lile geti, mzee angesogea, na kwamba jioni hiyo angevuliwa sweta na kurudi Kiwanjani kukaa kwenye kiti chake, na nyumba nyingine tatu zingejua ni kwa sababu ya nani. Naye angekuwa amefika mpaka kwenye turubai, na pale wangempa karatasi, ajibu kila swali, apande mpaka juu auone mlima wa Bonaya, ashuke. Kisha wangemwambia asante, tutakupigia. Aliona yote hayo kwa uwazi mkubwa, na hasira ikamwisha, ikabaki uchovu tu.

"Niulize jina," alisema.

"Nini?"

"Wewe ni askari, apa. Askari anauliza jina. Hao wengine umewauliza."

Mzee hakuelewa, au alielewa sana. "Unaitwa nani?"

"Akidor Lokuruka. Injinia." Alilisema kwa sauti ya kufika mezani. Watu wa chini ya turubai waligeuka wote, na yule kijana wa Proboksi akasimama nusu, akauliza kitu, akaambiwa aketi. Msimamizi alitazama saa yake, akaashiria kwa mkono kwamba geti lifungwe, wakati umefika.

"Jina lako halipo," alisema baba yake.

Akavuta geti. Lakini lilikuwa limepinda, pengine lori la vyuma lililigonga, na mabawa yake mawili hayakukutana. Ilikuwa siku yake ya kwanza, hajalizoea. Alivuta kwa mkono mmoja na kushika kufuli kwa mwingine, mnyororo ukamponyoka ukaanguka, akauokota, ukaanguka tena. Huko nyuma msimamizi alikuwa amekwisha kuinuka anakuja.

Akidor aliweka helmeti chini. Akaegemeza bega kwenye geti kutoka upande wa nje, akalisukuma mpaka mabawa yakakutana, akalishikilia hivyo, na baba yake akapitisha mnyororo na kufunga.