Marehemu Ni Mtu wa Ishirini

Serikali ikisema watu ishirini tu mahali pamoja, ni ishirini. Rachida hakuwa na ugomvi na hesabu. Asubuhi ile alivuka mto kutoka Alunguli katika mtumbwi wenye watu thelathini na mbuzi wawili, kila mtu kashene yake ya kuziba pua na mdomo ikiwa kidevuni, na hakuna polisi aliyewasumbua. Amri ya kuzuia ugonjwa ilitaja makanisa, misikiti, baa na matanga, mitumbwi haikuitaja. Ugonjwa wenyewe, inaonekana, uliisoma amri vizuri na uliogopa maji.

Kwapani alibana furushi: sanda, pamba, kafuri, sabuni. Bi Zawadi, rafiki yake wa miaka arobaini, alifariki alfajiri kwa sukari, nyumbani kwake mtaa wa Kasuku, na amri ilitaka azikwe kabla ya saa nane mchana. Rachida ndiye wa kumwosha. Waoshaji wengine walikuwapo mjini, tena wengi, lakini hii ilikuwa ahadi.

Wakati wa vita, mkubwa wa waasi naye alikuwa na amri yake: watu zaidi ya watano pamoja ni mkutano wa adui. Binti wa Rachida wa miaka mitatu akafa kwa surua siku hizo, na watano walikuwa wamekwisha kuingia ndani. Zawadi alipita nyuma ya majiko ya watu, akatambaa chini ya nyua huku akisukuma ndoo ya maji mbele yake, akamwosha yule mtoto kwa mikono yake. Rachida akamwambia, "Siku yako ikifika, nitakuosha mimi. Wanipige risasi wakitaka."

Sasa mlangoni pa matanga alisimama Florentin, mjumbe wa komune, na kizibao chake cha manjano na daftari.

"Mama, simama hapo. Ndani watu iko makumi mbili. Njo mwisho, hakuna kuingia tena."

"Makumi mbili gani?"

"Familia saba. Komite ya kupambana na ugonjwa, kumi na wawili."

Rachida akachungulia. Lo! Komite ilikuwapo kweli, imebanana bega kwa bega kwenye viti, inakunywa chai ya msiba na kuhakikisha kwamba hakuna anayekaa bega kwa bega na mwenzake. Mmoja alikuwa anakoroma kikazi.

"Hao ni kumi na tisa," alisema.

"Na marehemu."

"Marehemu?"

"Mama, amri inasema watu. Marehemu si muntu?"

"Basi toa huyo anayekoroma!"

"Ana karatasi ya misheni, ametumwa na serikali."

Saa sita ikapita. Salama, binti wa marehemu, akatoa kichwa dirishani, macho yamevimba. "Mama mudogo, wanasema saa nane wanamuzika hivi hivi, bila kuoshwa!"

Machozi yakamtoka Rachida, na yalikuwa ya hasira. Waasi angalau walikuwa na bunduki. Huyu alikuwa na kalamu tu, tena imekwisha wino, kila mara anaipulizia. Akajifuta kwa pembe ya kitenge, akaita kwa sauti ya upole kabisa.

"Florentin mwanangu, wewe umesoma. Marehemu akitoka, ndani wanabaki wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Sheria ina neno hapo?"

"Haina."

"Basi mtoeni."

Florentin alifungua karatasi ya amri, akaipitia juu hadi chini, akaigeuza nyuma. Hakuna mahali palipomkataza marehemu kutoka nyumbani kwake. Kaka zake wanne wakambeba na kitanda chake hadi nyuma ya jiko, wakatundika mikeka kumzunguka, kisha wakarudi ndani mbio kabla hesabu haijaharibika. Salama akafuata na maji. Mjumbe akakata ishirini, akaandika kumi na nane, akafurahi sana.

"Nafasi mbili!" akatangaza barabarani. "Iko nafasi mbili ndani! Nani anaingia?"

Nyuma ya mikeka, Rachida alikunja mikono ya gauni, akapiga bismillahi, akaanza na mkono wa kulia, ule uliosukuma ndoo.

"Nimechelewa, dada," alimwambia. "Unisamehe. Wewe ulikuja kwangu ukitambaa, na mimi nimekaa mlangoni kwako nikihesabu watu."