Injini ya Pembe Tatu

Jumatatu asubuhi Nathan aliingia bandani na kamba ya kupimia, akaanza kupima ukuta bila hata kubisha hodi. Severina alikuwa chini ya meza anatafuta nati iliyomponyoka. Akaona viatu vya kaka yake vikihesabu hatua, moja, mbili, tatu, akajua leo kumekucha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Magunia mia mbili yanaingia humu bila shida," alisema Nathan. Alikuwa anaongea na ukuta.

Tusimwonee Nathan. Mwaka jana mvua ya ghafla iliikuta alizeti yake uani, imefunikwa turubai lenye matundu, ikachipua ndani ya magunia. Alitaka kulia, akashindwa kwa sababu majirani walikuwa wanatazama. Mwaka huu amelima mara mbili zaidi na ghala hana. Banda la marehemu baba yao lipo, bati zima, mlango mpana, barabara ya Sekenke iko hapo mbele. Na ndani yake kuna nini? Dada yake na vyuma.

Severina naye alikuwa na hoja zake. Kwa miaka kumi na moja ametengeneza dizeli za wachimbaji, zile za kuzungushia mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na zote zimepita katika banda hilo. Akiondolewa hapo atakwenda wapi? Fundi asiye na banda ni mzururaji mwenye spana. Walizozana mpaka wakapelekana kwa baba yao mdogo, mzee Sostenes, ambaye hapendi kesi ndefu kwa kuwa zinaingilia chakula chake cha mchana.

"Ile injini yako ya ajabu inafanya kazi?" mzee alimuuliza Severina.

"Inafanya, baba."

"Uongo mtupu," alidakia Nathan. "Inakohoa mara tatu inakufa."

"Basi Jumamosi," alisema mzee. "Ifungwe kwenye mashine ya kukamua alizeti. Ikikamua gunia zima bila kuzimika, banda ni la Severina. Ikizimika hata mara moja, vyuma vyote nje na Nathan anaingiza magunia yake. Mmenisikia? Haya, mama yenu mdogo ameshapakua."

Ukweli ni kwamba Nathan hakuwa amekosea sana. Ile injini haikuwahi kuwaka zaidi ya muda wa kumenya viazi vya watu wanne. Severina aliiokota kwenye lundo la chuma chakavu la wachimbaji, akaipenda papo hapo, kama watu wanavyopenda mbwa wa njiani. Haikuwa na pistoni. Ndani yake kulikuwa na chuma kimoja cha pembe tatu, kinazunguka ndani ya ganda lenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Kila ubavu wa kile chuma hubeba hewa na mvuke wa petroli, huusukumiza ukutani mpaka ubanane, plagi inawasha, moto unausukuma ule ubavu mbele. Chumba chenyewe cha moto si chumba, ni ufa. Kirefu, chembamba, halafu kinahama huku kinawaka.

Pembe tatu ya zamani ilikuwa imepasuka. Severina alienda Singida mjini kwa Godfrey, fundi wa kuyeyusha na kukereza vyuma, akatengenezewa mpya. Kazi safi, ila mbavu zote tatu zilikuwa laini kama sahani.

"Vile vishimo vya kukusanyia moto viko wapi?" Severina aliuliza.

"Ulichoniletea ni vipande, vishimo sikuviona," alijibu Godfrey. "Vishimo chonga mwenyewe, wewe si ndiye daktari wake?"

Akachonga. Na hapa ndipo fundi wetu alipoboronga, tena kwa kujiamini kabisa. Kila pistoni ya dizeli aliyowahi kuishika ina bakuli la mviringo katikati ya kichwa chake. Kwa hiyo kila ubavu akauchongea bakuli la mviringo, katikati kabisa, zuri, la kunywea uji. Kisha akaona ganda lina matundu mawili ya plagi, moja mbele, moja nyuma. Akacheka. Plagi mbili kwa chumba kimoja! Huo ni ufujaji wa watu wenye hela. Tundu la nyuma akaliziba kwa bolti, akalisahau.

Tangu siku ile injini ilikunywa petroli kama mgeni wa harusini, ikatoa harufu ya kuumiza macho, ikapiga mizinga kwenye bomba la moshi mpaka kuku wa jirani wakaacha kutaga. Kisha inazimika. Severina alibadilisha kabureta. Akalaumu petroli ya kwenye chupa. Akalaumu vipande vya kuzibia ncha za ile pembe tatu. Akamlaumu Godfrey, ambaye hakuwepo kujitetea.

Alhamisi mchana alikuwa ameifungua tena, kwa mara ya ngapi hata Mungu alishachoka kuhesabu. Kila ubavu ulikuwa na hadithi ile ile. Nusu ya mbele imeungua vizuri, kavu, ya kijivu. Nusu ya nyuma mbichi, imelowa, inanuka petroli. Alikaa akazitazama zile mbavu mpaka macho yakamuuma, na hofu ikaanza kumpanda. Siku mbili zimebaki na hajui kitu. Alijiona ameshakaa kwenye kigoda barabarani, vyuma vyake vimefunikwa turubai la Nathan lenye matundu.

Hapo ndipo aliposikia makelele kwa Kefa.

Kefa ni jirani yake wa nyuma, mtu wa matofali, na mdomo wake unasikika mpaka bondeni. Alikuwa amefungua tanuri la matofali ya nyumba yake mpya. Severina akaenda, nusu kwa ujirani, nusu kwa kuikimbia ile injini.

"Njoo uone msiba!" alipiga kelele Kefa. Alichukua tofali upande mmoja wa tanuri, akaligonga kwa jiwe, likalia ngwii kama kengele. Akazunguka upande wa pili, akachukua jingine, akalibinya kwa mkono. Likameguka. "Huku limeiva mpaka linaimba. Huku ni tope! Nusu nyumba ninayo, nusu nyumba sina!"

"Uliwasha wapi?" aliuliza Severina.

"Mdomo wa katikati."

"Huo tu? Tanuri lina midomo mitatu."

"Nilibana kuni, mama! Nikasema moto si una miguu, utatembea."

"Haukutembea?"

"Ulitembea vizuri sana! Ulifuatana na upepo kama bibi harusi. Huku unakoelekea upepo ukachoma kila kitu. Huku unakotoka upepo haukugeuka hata kuaga." Akapiga teke tofali bichi. "Usinifundishe, najua. Unawasha na mdomo wa huku nyuma, na njia ya ndani unaiacha wazi, moto upite kutoka mwisho hadi mwisho. Kila mtu hapa kwetu anajua. Mimi nilibana kuni tu."

Severina alikuwa ameshika kipande cha tofali bichi, anakitazama kama vile kimemtukana. Chumba kirefu, chembamba. Kwenye injini upepo ni ile pembe tatu yenyewe, inakimbia na kuikokota hewa kwenda mbele. Moto wa plagi moja unaenda na upepo. Huku nyuma haugeuki hata kuaga. Na yeye, kwa mkono wake, alikuwa ameuziba mdomo wa pili kwa bolti.

"Kefa," alisema, "mimi ni mjinga."

"Karibu," alisema Kefa. "Vuta tofali ukae."

Hakukaa. Alirudi bandani mbio, kanga inamponyoka, na jioni hiyo ile bolti ikamwonyesha cha moto. Ilikuwa imeshika kutu. Aliimwagia mafuta ya taa, akaigonga, akaitukana kwa Kiswahili, ikagoma, akaitukana kwa Kinyiramba, ikaachia.

Ijumaa kutwa nzima alichonga. Kazi yenyewe ilitaka mkono mwepesi, maana ile pembe tatu ndani ina uwazi na kuta zake ni nyembamba. Ukizidisha hata kidogo umetoboa, na Jumamosi ni kesho, na Godfrey yuko mjini. Alitaka kila bakuli ligeuke kihori, kirefu, kianzie karibu na mkia wa ubavu, kiende mbele hadi kwenye lile bakuli la zamani, moto upate njia. Ila kisiwe kikubwa, la sivyo hewa haitabanana na injini itakosa nguvu. Alichukua msumari, akautia alama ya kina, akawa anachonga na kupima, kuchonga na kupima. Halafu akaazima bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, akajaza maji kila kihori mpaka vitatu vyote vikanywa sawasawa. Plagi ya pili aliivua kwenye pikipiki yake mwenyewe, na koili yake ya kutoa cheche pia. Jua lilipozama alikuwa amekaza nati ya mwisho, mgongo haunyooki.

Jumamosi watu walijaa mbele ya banda, mashine ya kukamua imeshaletwa. Mzee Sostenes alikalishwa kivulini na soda mkononi. Nathan alileta gunia lake mwenyewe, lililoshonwa barabara, alizeti nyeusi iliyokauka vizuri. Alikuwa amevaa shati jipya, na hilo lilimuudhi Severina kuliko kitu chochote.

Severina akavuta kamba ya injini. Kimya. Akavuta tena. Injini ikapiga chafya moja, ikawaka.

Mlio ulikuwa tofauti. Haukuwa wa kukohoa. Ulikuwa mmoja, ulionyooka, kama cherehani kubwa yenye haraka, na bomba la moshi halikupiga mzinga hata mmoja. Severina akafunga mkanda, mashine ya kukamua ikaanza kuzunguka, Nathan akamimina debe la kwanza. Mafuta yakatoka, kwanza machafu, kisha ya dhahabu, na mashudu yakaanza kudondoka upande wa pili.

Gunia likafika nusu. Hapo injini ikabadilika sauti. Ikaanza kugonga ndani, ngo, ngo, ngo, kama mtu aliyefungiwa chooni.

"Inakufa," alisema mtu. Nathan akasimamisha debe hewani.

"Mimina!" Severina alimfokea, na hajawahi kumfokea kaka yake mbele za watu. "Mimina kaka, usisimame!"

Moyo ulimpiga kuliko injini. Akafikiri haraka. Plagi zote mbili aliziwekea kuwaka kwa wakati mmoja, na sasa chuma kimeshapata moto, moto wa mbele na wa nyuma unagombana. Wa nyuma inabidi uchelewe kidogo. Kidogo kiasi gani? Nani ajuaye! Alichukua spana, akalegeza kishikio cha ile koili ya pikipiki huku mashine inazunguka, akakisogeza unene wa ukucha. Umeme ukamrarua mpaka kwenye kiwiko. Akasema neno ambalo mzee Sostenes alijifanya hakulisikia. Akakisogeza tena, nusu ukucha.

Kugonga kukaisha. Sauti ikanyooka, ikapanda, mashine ikaanza kula alizeti kwa pupa mpaka Nathan ikabidi amimine kwa mikono miwili. Aliacha kutazama watu. Alikuwa anatazama mafuta yake yanavyojaa ndoo, ya kwanza, ya pili, jasho linalowesha lile shati jipya, na hata mwenyewe hakujua ameanza kutabasamu. Gunia likakung'utwa, punje za mwisho zikaingia, na injini ilikuwa bado inanguruma.

"Banda la Severina!" alitangaza mzee Sostenes, akainuka kutafuta chakula.

Watu walishangilia. Kefa alipiga kelele kuwashinda wote. Severina alifunga petroli, injini ikanyamaza taratibu. Wiki nzima alikuwa ameandaa maneno makali ya kumwambia kaka yake, ameyapanga moja moja akiwa chini ya meza. Sasa akayatafuta, hayakuwepo. Machozi ndiyo yaliyokuwepo, akayafuta kwa mkono wenye grisi na kujichafua uso mzima.

Nathan alikuja akasimama karibu naye. Alitazama injini, akatazama ndoo.

"Mdogo wangu, mimi nilidhani miaka yote hii unacheza," alisema.

"Nilikuwa nacheza," alijibu Severina. "Kazi hii ingekuwa mzigo, ningeshautua."

Nathan akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamuuliza gunia la pili la kukamua aliweke wapi.