Jirani wa Kona

Mume wangu Nashon hakunywa pombe wala hakuhangaika na wanawake wa nje, na watu wa kwetu wakaniambia nina bahati. Hawakujua kuna wanaume wanaoleta balaa nyumbani kwa akili tu. Kazi yake ilikuwa kulisha kadi kompyuta ya ofisi moja mjini, mashine kubwa kuliko chumba chetu. Mwaka wa sabini na mbili alirudi na mchezo alioukuta kwenye jarida la Amerika ambalo bosi wake alilisahau mezani. Akachora miraba juu ya ubao, akaniletesha vifuniko vya soda kutoka Kenyatta Market nilikokuwa nikisuka nywele, na kuanzia hapo nikawa naongea na kisogo chake.

Sheria alizieleza hivi. Kifuniko ni mtu. Majirani zake ni wote wanaomgusa, wa ubavuni na wa konani. Mwenye majirani wawili au watatu anakaa. Mwenye mmoja, au asiye na yeyote, upweke unamwondoa. Mwenye zaidi ya watatu anaondolewa na msongamano. Na mraba mtupu ukizungukwa na watatu kamili, hapo anazaliwa mtu. Unahesabu ubao wote kwanza, kisha wote wanabadilika kwa pamoja, na hiyo ndiyo zamu moja.

Wamarekani walikuwa wakitazama tu jinsi vitu vinavyozaliwa na kufa. Nashon alisema kutazama si mchezo, akaugeuza kuwa fumbo: umepewa watu ubaoni, toa mmoja tu, halafu usiguse tena mpaka wote waishe. Alipanga, akafuta, akapanga upya, ugali ukapoa mbele yake. Nilimwambia mtu mzima hatungi mchezo wa kuua watu. Akacheka, akasema ni vifuniko tu, Mama Awiti.

Tulikuwa tunakaa nyuma ya Adams Arcade, kwenye ploti ya Mzee Zachariah Kiragu. Vyumba vinne vya mabati vilizunguka mfereji mmoja wa maji, tulikochotea sote. Mkabala nasi, ng'ambo ya mfereji, alikaa mjane Hannah, tuliyemwita Mama Njambi. Kulia kwetu Mbithi, fundi mwashi, na kushoto Mwendwa, fundi cherehani. Mzee Kiragu alitaka tutoke ajenge ghorofa. Alitupa notisi, tukaenda wote kwa chifu, notisi ikafa. Akamfungia Mwendwa mlango kwa kufuli, tukamlaza Mwendwa kwetu kwa zamu, tukamsumbua Mzee mpaka kufuli likatoka. Nyumba yetu ya kwanza Nairobi ilibomolewa nikiwa na Awiti mgongoni. Sasa nilikuwa na mimba nyingine, na nilikuwa nimeapa sitabeba tena godoro kichwani. Chumba kile kilivuja, lakini kilikuwa changu na nilikipenda.

Jumapili moja baada ya kanisa, Mzee alikuja na ubao wake wa drafti, akamkuta Nashon na wake. Mzee alikuwa bingwa wa drafti kuanzia hapo hadi Dagoretti, na bingwa hapendi kupitwa na mchezo. Nashon akampangia vifuniko vinne vilivyobanana, viwili juu na viwili chini. Mzee akatoa kimoja. Wakahesabu, kile kilichotolewa kikarudi palepale. Akatoa kingine, nacho kikarudi. Nashon akafurahi kama mtoto.

"Hii ni sisi, Mzee," akasema. "Ukitoa mmoja, wale watatu wanamrudisha."

Nilimkanyaga mguu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mzee hakukasirika. Alitazama ubao, akatazama ploti yake, akarudi kwenye ubao.

"Hapana," akasema. "Umesahau mfereji. Nyumba zangu hazigusani ukuta. Zinagusana kona."

Akavisogeza vifuniko taratibu, juu, chini, kushoto na kulia, katikati akaacha mraba mtupu. Mimi na Nashon tuliishi pale tukijiona tumeshikana na majirani kwa sababu tulipendana. Mzee alikuwa ametembeza kete maisha yake yote, na kwenye drafti njia ni ya kona.

"Nitoe kipi?"

Nashon alikuwa ameshaona. Lakini fundi akiulizwa juu ya kazi yake hawezi kunyamaza.

"Yeyote, Mzee. Ni sawa tu."

Mzee akatoa kile cha mkabala nasi. Wakahesabu. Cha kulia na cha kushoto vikatoka pamoja. Chetu kikabaki, na katikati, mahali pa mfereji, kikazaliwa kingine. Mzee akauliza huyo wa katikati ni nani.

"Huyo ni mimi," Mzee akasema, akacheka, akazoa vifuniko vyote kabla ya zamu ya mwisho.

Hakumfukuza Mama Njambi. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alimpa chumba cha mawe kwenye ploti yake nyingine, karibu na bintiye, kodi ileile. Nani angeenda kwa chifu kulalamika? Nilimsaidia mwenyewe kufunga vyombo, na alinikumbatia akilia kwa furaha.

Ndipo tukajua Mama Njambi alikuwa ameshikilia nini. Mke wa Mbithi alifanya kazi kwa watu Westlands, na mtoto alikuwa akimwachia Mama Njambi. Mimi nilikuwa sokoni mpaka jioni. Vitambaa vya akina mama wa kanisa vilikuwa vikimfikia Mwendwa kupitia mikononi mwa Mama Njambi, na sasa cherehani ikanyamaza. Nilimsihi Mbithi, nikamsihi Mwendwa. Kila mmoja aliniambia amevumilia vya kutosha. Wakahama Jumamosi moja, mikokoteni miwili ikifuatana getini. Nashon alichoma ubao wake jikoni akidhani amemaliza neno.

Jumatatu nikasikia nyundo. Mzee alikuwa anajenga kibanda cha mbao juu ya mfereji. Akaweka meza ndani, akaweka kiti, akawa anashinda humo akiutazama mlango wetu. Maji nikayachota nikipita kwenye magoti yake. Hakunitukana hata siku moja. Alikuwa anauliza tu mtoto anakuja lini.

Nilishindwa kulala, na nilimchukia Nashon kwa akili zake. Mwishowe nikachukua vifuniko viwili, nikaenda navyo kibandani. Ubao wa drafti wa Mzee ulikuwa mezani. Nikaviweka ubavu kwa ubavu, changu na kile cha katikati.

"Mzee, ile siku hukumaliza," nikamwambia. "Cheza zamu ya mwisho."

Alitabasamu. Akaweka kidole kwenye changu, akahesabu. Jirani mmoja. Akakitoa, akanitazama. Nikamwambia haruhusiwi kutoa kabla ya kuhesabu ubao wote. Akakirudisha. Kidole kikaenda kwenye kile cha katikati, kikazunguka ubavuni, kikazunguka konani, kikazunguka tena: jirani mmoja tu, changu.

"Mimi siko kwa huu mchezo," akasema. "Mimi ni mwenye ploti."

"Ulisema ni wewe."

Jioni hiyo akatupa notisi, na hapakuwa na mtu wa kwenda nasi kwa chifu. Siku ya kuhama nilibeba godoro kichwani, ndoo mkononi, tumbo mbele. Nililia waziwazi, sikujificha. Nilipopita kibandani Mzee hakuinua macho. Alikuwa amevaa koti mchana wa jua kali, mlango ameufunga nusu, na mbele yake vile vifuniko viwili vilikuwa bado ubaoni.

Niliweka ndoo chini, nikachukua changu, chake kikabaki peke yake.