Isale Lililorudishwa

Usiku wa kuamkia leo niliota ng'ombe wetu ananiamsha kwa adabu.

"Bibi, mbweu zangu hazina pa kwenda."

Naingia zizini. Kweli, mbweu zimekaa kwenye benchi kama wagonjwa wa zahanati, kila moja na kofia yake magotini.

"Zamani mlikwenda wapi?"

"Udongoni," inajibu iliyo karibu. "Sisi ni gesi ya methani, mama. Mle chini kuna viumbe wadogo, hutula. Tangu jana tunabisha hodi, hawafungui."

Sababu naijua. Mkamwana wangu Aikande alimwaga urea migombani, mikono miwili pale alipofundishwa konzi moja. Nilipomwambia, alinijibu, "Mama, mgomba haushibi." Alipanga kuumalizia mfuko kukicha.

Basi nachuma jani la isale mpakani, nalipiga fundo. Kwetu Uchagani ukiletewa isale lazima usamehe, hata kama mtu amekuulia mbuzi. Nagonga ardhi, inafunguka.

Ndani kuna ukumbi wa harusi, ila hakuna anayecheza. Viumbe wamekaa, mashavu yametuna urea. Sahani zao za gesi zimepoa mezani.

"Temeni basi," nasema.

Mkubwa wao anasogeza tonge shavuni. "Hatuwezi, bibi. Midomo yetu haichagui, hutafuna kilichotangulia kuingia. Na hiki hakishibishi, kinachosha taya tu."

"Nimewaletea isale. Msameheni mtoto."

Ananionyesha viti vitupu, safu kwa safu. "Hao waliokufa nao wamsamehe?"

Kufumba na kufumbua tuko mlimani. Mbweu zimetutangulia, zimeifunika theluji kama blanketi. Theluji inatoka jasho, wala hailalamiki.

"Akiumaliza mfuko je?" nauliza.

"Zote zitahamia huku. Sisi hatutakuwepo kuziita chakula."

Nampa jani. Analipokea kwa mikono miwili, analitazama mpaka naona haya.

"Tutashauriana," anasema.

Nikaamka. Aikande alikuwa uani na kisu, ameinamia mfuko.

"Mama, nifungue?"

Nikatoka pekupeku, nikakanyaga kitu kizingitini. Jani la isale, fundo ni langu. Ncha imebabuka, na pembeni lina alama za meno, madogo kuliko ya sisimizi.

Kwetu isale halirudishwi.

"Mama, vipi?"

"Weka kisu."

"Na migomba je?"

"Migomba itasubiri. Kuna watu hawajamaliza kutafuna."

Akanitazama kama anayehesabu umri wangu. Nikaukalia mfuko. Mpaka sasa sijashuka.