Mfuko wa Kulia

Mama Pindo hakuwa mtu wa kusali kwa kunong'ona. Alipoombwa kufungua safari, alishika kiti cha mbele yake, akafumba macho, akapaza sauti mpaka dereva akazima redio. Alimweleza Mungu habari za ile shule ya ng'ambo ya mpaka kana kwamba Mungu mwenyewe hajawahi kufika huko.

"Baba, watoto wale hawana hata mtu wa kuwashonea!" alisema, na kina mama kumi na wawili wa kanisa wakaitikia amina moja nzito iliyolitikisa basi zima.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Kwa miaka thelathini alikuwa akiwashonea watoto wa mtaa wake, na kila nguo iliyotoka kwenye cherehani yake ilikuwa na pindo la kushushwa mara tatu, maana mtoto, alivyozoea kusema, hukua usingizini. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumshonea yeye hata kifungo. Nguo zake alizishona mwisho kabisa, muda ukibaki, na muda haukuwa na tabia ya kubaki. Hata gauni la sare ya umoja wa kina mama alilovaa siku ile, mfuko wake wa kushoto ulikuwa umeachia na kushikizwa kwa pini. Pini hiyo ilimchoma kila alipotoa leso, naye alishazoea.

Mpango ulikuwa umenyooka. Vitambaa vya sare sitini na nne vilikatwa nyumbani kwa vipimo alivyotuma mwalimu mkuu, na cherehani nne zilikuwa kwenye buti. Kina mama wangeshona Jumatatu hadi Ijumaa, wiki moja kabla ya muhula kuanza, na Jumamosi sare zingegawiwa kwenye sherehe yenye turubai, spika na mpiga picha. Katibu wa msafara alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa faili mkononi na filimbi shingoni.

"Shemeji, siku tano zitatosha?" Katibu alimuuliza njiani.

"Za kushona zitatosha. Sijui kama wewe na filimbi hiyo mtazimaliza bila kutupasua masikio."

Jumatatu asubuhi watoto walipangwa foleni darasani ili wapimwe upya. Mama Pindo akamgeuza wa kwanza, akaona kiraka mgongoni. Akakisogelea. Kiraka kilikuwa kimelala vizuri mno, na mishono yake ilielekea upande usio wa kawaida, kazi ya mtu anayeshika sindano kwa mkono wa kushoto. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, wa nne. Mashati yote yalikuwa makuukuu, na yote yalikuwa na mfuko upande wa kulia, na kwenye kona ya kila mfuko kulikuwa na vishono vitatu vifupi vya uzi mwekundu. Hapo akaacha kupima.

"Mwanangu, shati hili kashona nani?" alimuuliza binti aliyekuwa mbele yake.

Binti akamshangaa mtu mzima asiyejua jambo dogo kama hilo. "Fundi Shoto."

"Yuko wapi?"

"Si pale!" Akaelekeza kidole dirishani, kwenye mlango wa kijani mkabala na geti la shule.

Mama Pindo aliona haya, haya za kweli, zile za kumchoma mtu masikio. Sala yake ilimrudia neno kwa neno, na ile amina juu yake.

Alivuka barabara na futi yake shingoni. Mwanamke wa rika lake alikuwa amekaa mlangoni, mikono kaifumbata. Nyuma yake cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, saa nne asubuhi, wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Fundi hahitaji kuelezwa maana yake.

"Hodi hapa."

"Karibu. Wewe ndiye mgeni wa sare?"

"Ndiye mimi. Mbona umefunika cherehani, dada?"

"Nifunue nishone nini? Wazazi wameambiwa wageni wanaleta bure. Mimi mwaka wangu wote ni wiki hizi mbili. Zikishapita, nabaki na vifungo na zipu." Aliyasema bila kununa, na hilo ndilo lililomuuma Mama Pindo zaidi.

"Mwalimu mkuu hakutuandikia kwamba upo."

"Mlimuuliza?"

Mama Pindo akaivua futi shingoni. "Hatukumuuliza," alisema. "Na mimi nilimwambia Mungu kwamba hupo."

Fundi Shoto akafumbua mikono. "Ulimwambia nani?"

"Mungu. Kwa sauti. Watu wakaitikia amina."

Mwanamke yule alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Kumbe huko juu nimeshafutwa!"

"Upo, dada. Mimi ndiye niliyepeleka habari za uongo. Niachie mpaka mchana."

Alimkuta Katibu akikagua mahali pa kusimika turubai, akayamwaga yote kwa mkupuo. Turubai lisije, spika zisije, mpiga picha asije. Fungu la sherehe liwe ujira wa Fundi Shoto. Yeye awe mkuu wa kazi, na wao wawe vibarua wake.

"Shemeji, watu walichanga ili tushone sisi," Katibu alisema.

"Walichanga ili watoto wavae. Sisi tunaondoka Jumapili. Kifungo kikikatika Jumatatu, nani atakishona? Wewe na filimbi yako?"

"Na ripoti je? Picha je?"

"Andika kwamba tulikuta fundi. Tumtembelee mtu kwa jina la Mungu halafu tumwache hana kazi? Mimi sitashona hata tundu la kifungo kwa namna hiyo."

Katibu alifunga faili. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu mambo yaende yalivyoandikwa. "Basi waulize kina mama. Wakikataa, ratiba inabaki."

Mama Pindo akasimama katikati ya darasa. "Kwenye basi niliwatia kwenye uongo, nanyi mkaitikia. Sasa nawaomba mniitikie tena." Akawaeleza. Kila mtu akatazama mkasi wake. Kisha bibi aliyewazidi wote umri, aliyeletwa kwa ajili ya kupika chai tu, akakunja kanga, akajitwisha kichwa cha cherehani, akatoka nacho kuelekea getini. Wengine wakamfuata. Katibu alipiga filimbi, kwa mazoea tu, akashika meza ya cherehani ya pili.

Fundi Shoto hakuwapokea kwa kuwabembeleza. Alikagua mashati tisa waliyokuwa wameshayamaliza, akayarudisha yote. "Mifuko fumueni. Watoto wangu huvaa mfuko kulia."

"Kwa nini?" Mama Pindo aliuliza.

"Wa kushoto ni wa mashati ya dukani. Mtoto mwenye mfuko kulia, hata nikimwona kule mwisho wa barabara, najua ni wangu."

Mama Pindo akafumua mifuko yote tisa kimya kimya, jambo ambalo kina mama walilisimulia kwa muda mrefu baadaye. Yalipofika mapindo, zamu ikageuka. Fundi Shoto aliyapima kwa futi, akaguna kwamba kitambaa kinapotea, akaelezwa habari za mtoto kukua usingizini, akayapima tena. "Hilo nalichukua," alisema.

Jumamosi watoto walipita mmoja mmoja kwenye mlango wa kijani. Fundi Shoto mwenyewe aliwavalisha, akiwageuza mabega, akivuta kola, akiwakemea waliosimama kibyongo. Katibu akamwomba Mama Pindo afunge kwa sala.

"Baba," alisema, mara hii kwa sauti ya kawaida, "ile sala ya kwenye basi uifute. Wana mtu. Tumemkuta."

Amina ya Fundi Shoto, pale mlangoni, ilizidi za wote.

Jioni hiyo alifua gauni lake, akalianika kwenye kamba ya Fundi Shoto. Jumapili alilikuta limepigwa pasi na kukunjwa, akalivaa mbio mbio huku filimbi ikilia barabarani, wakakumbatiana, akapanda basi.

Walikuwa wamekwisha toka mjini alipotaka leso. Mkono ukaenda kushoto, akijiandaa kuchomwa, ukakuta kitambaa kitupu. Akainama kutazama. Mfuko ulikuwa upande wa kulia, umeshonwa upya, na kwenye kona yake kulikuwa na vishono vitatu vifupi vya uzi mwekundu.

"Shemeji, unalia?" Katibu alimuuliza.

"Nimeshonewa," alisema Mama Pindo. Akatumbukiza mkono mfukoni, akauacha humo mpaka mpakani.